Adidas na mistari yake mitatu: mahakama moja, hukumu mbili

Tarehe 1 Machi 2018 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliipa adidas ushindi dhidi ya kampuni ya Kibelgiji iitwayo Shoe Branding Europe. Kampuni hiyo ilitaka kusajili mistari miwili ubavuni mwa kiatu. Mahakama ilikataa, ikisema mistari hiyo ingejinufaisha isivyo haki na sifa ambayo mistari mitatu ya adidas imeijenga kwa miaka mingi. Tarehe 19 Juni 2019, mbele ya mahakama hiyohiyo na dhidi ya kampuni hiyohiyo, adidas ilishindwa. Safari hii mahakama ilikubali kwamba usajili mmoja wa mistari mitatu ulikuwa batili.

Siku ile ya Juni vyombo vingi vya habari viliandika kana kwamba adidas imenyang'anywa mistari yake na kwamba kila mtu sasa yuko huru kuishona. Wapo wanaoamini hivyo mpaka leo, hata miongoni mwa wanaoshona jezi na traksuti kwa riziki yao, na ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuelezwa taratibu. Kilichobatilishwa ni mchoro mmoja kati ya mingi ambayo kampuni hiyo imeisajili. Mchoro huo haukubatilishwa kwa sababu watu hawaijui mistari mitatu. Ulibatilishwa kwa sababu adidas ilisajili kitu kimoja, kisha ikapeleka mahakamani ushahidi wa kitu kingine.

Mistari ilikotoka

Adolf Dassler aliianzisha adidas mwezi Agosti 1949 katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Bavaria, baada ya kutengana na kaka yake Rudolf, ambaye naye alianzisha Puma mjini humohumo. Viatu vya michezo vya zama zile vilishonewa vipande vya ngozi ubavuni ili kiatu kisitanuke mguu unapokaza mbio. Kwa hiyo mistari ilianza kama sehemu ya ushonaji. Ilipotiwa rangi tofauti na ya kiatu, ilianza kuonekana kutoka mbali, na hapo ndipo ilipoanza kazi yake ya pili.

Dassler hakuwa peke yake. Kampuni ya Karhu ya Finland nayo ilitumia mistari mitatu, na inasimuliwa kwamba baada ya Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 iliwauzia adidas haki ya mistari hiyo kwa fedha zinazolingana na takribani yuro 1,600 za leo pamoja na chupa mbili za wiski. Miaka miwili baadaye Ujerumani Magharibi ilitwaa Kombe la Dunia mjini Bern ikiwa imevaa njumu za Dassler. Mwaka 1967 mistari ilihama kutoka kwenye kiatu ikapanda kwenye nguo, kupitia traksuti iliyopewa jina la Franz Beckenbauer.

Kuhama huko kutoka kiatuni kwenda kwenye nguo kuna uzito mkubwa katika kisa hiki. Kwenye kiatu mistari ina mahali pake maalumu: ubavuni, kati ya kamba na soli, ikiwa imelala kwa mshazari. Kwenye nguo inaweza kushuka kwenye mkono wa koti, ikateremka mguuni mwa suruali, ikazunguka kiuno au ikakaa begani. Kadiri inavyotembea ndivyo inavyozidi kufanana na pambo la kawaida. Na mistari kama pambo la nguo haina mwenyewe. Watu walikuwa wakifuma vitambaa vya mistari karne nyingi kabla ya Dassler kuzaliwa.

Kwa nini alama na si kitu kingine

Kiatu cha michezo kinaigwa haraka. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya teknolojia ya soli inaisha baada ya miaka 20. Ulinzi wa umbo la bidhaa katika Umoja wa Ulaya hauwezi kuvuka miaka 25. Alama ya biashara ndiyo haki pekee katika kundi hili inayoweza kuishi bila kikomo, ilimradi mwenyewe anaitumia na analipa ada ya kuihuisha kila muda unapofika. Kampuni ambayo viatu vyake vinashonwa na viwanda vya watu wengine, katika nchi nyingine, mara nyingi inabaki na jina na alama kama mali yake kubwa kuliko zote. Mnunuzi anayelipia zaidi kwa sababu ya mistari mitatu anakuwa amelipia imani, na alama iliyosajiliwa ndiyo inayomzuia mwingine kuiuza imani hiyo.

Kwa kuwa haki hii haina mwisho, sheria inaitoa kwa masharti. Alama lazima iweze kutofautisha: mnunuzi akiiona ajue bidhaa imetoka kwa nani. Neno la kubuni kama adidas, lililotokana na jina la mtu, linapita mtihani huo bila shida. Mistari mitatu iliyonyooka ni jambo jingine. Hapo sheria inatoa njia ya pili: alama ambayo kwa asili yake ni nyepesi inaweza kupata uwezo wa kutofautisha kwa kutumiwa kwa muda mrefu, hadi watu wakaizoea kama sahihi ya kampuni fulani. Lakini anayepita njia hiyo anabeba mzigo wa kuthibitisha, na mzigo wenyewe si mwepesi.

Adidas ilikwisha kuonja ugumu huo mapema. Kule Uholanzi iliishtaki kampuni iitwayo Fitnessworld, iliyouza nguo zenye mistari miwili, na shauri likafika kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyo juu ya ile Mahakama Kuu. Mwezi Oktoba 2003 majaji walisema kwamba ikiwa watu wanaitazama ile mistari kama pambo tu, na haiwapeleki kabisa kwenye alama ya adidas, basi hakuna uhusiano wa kulinda. Hukumu hiyo haikuinyima adidas kila kitu, kwani ilisema pia kwamba kutumika kama pambo peke yake si kinga ikiwa watu bado wanaihusisha na alama maarufu. Ila iliweka wazi mahali ambapo mapambano yangekuwa kwa miaka iliyofuata, yaani kwenye kile kinachoingia katika akili ya mnunuzi anapoiona mistari.

Ushindi wa kiatu

Turudi kwa Shoe Branding Europe, kampuni inayohusika na chapa ya Patrick, ambayo kwa miaka mingi imeuza viatu vyenye mistari miwili. Mwaka 2009 na 2011 iliomba kusajili mistari miwili ya mshazari kwenye kiatu katika Ofisi ya Miliki Ubunifu ya Umoja wa Ulaya, EUIPO, iliyoko Alicante, Hispania. Adidas iliweka pingamizi. Kwanza ofisi iliikatalia, ikiona tofauti ya mistari miwili na mitatu inatosha. Mwezi Mei 2015 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi huo: mnunuzi wa kawaida hahesabu mistari dukani, hubaki na taswira ya jumla, na tofauti ya mstari mmoja au ya mwinamo haiondoi kufanana. Shoe Branding ilikata rufaa ngazi ya juu, nayo ikatupwa Februari 2016.

Katika hukumu ya Machi 2018 mahakama ilikwenda mbali zaidi ya kufanana. Iliangalia tabia ya mshindani. Mwaka 2007 Patrick ilikuwa imefanya kampeni ya matangazo nchini Hispania na Ureno iliyosema, kwa maneno mengine, kwamba mistari miwili inatosha. Tangazo hilo halina maana yoyote mpaka msomaji awe anaijua mistari mitatu ya mtu mwingine. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi uliokuwa na nguvu kuliko huu katika shauri zima, kwa sababu ulitoka mkononi mwa mshindani mwenyewe. Ulionyesha kwamba umaarufu wa adidas upo na kwamba mtu anajaribu kuuegemea.

Sasa tazama alama ambayo adidas iliisimamia. Maelezo ya usajili wake yalisema: mistari mitatu sambamba, yenye nafasi sawa, iliyowekwa kwenye kiatu, katika eneo la juu kati ya kamba na soli. Basi. Hakuna neno la ziada. Bidhaa imetajwa, mahali pametajwa, idadi imetajwa. Mtu akifungua sajili anajua kinacholindwa, na akishika raba ya adidas anakiona kitu hichohicho kwa macho. Ushahidi na usajili vilikaa pamoja bila kuhitaji kusukumwa.

Mchoro uliobatilishwa

Tarehe 18 Desemba 2013 adidas ilipeleka ombi jingine. Safari hii alama haikufungwa kwenye kiatu wala mahali fulani. Mchoro ulikuwa mistari mitatu myeusi iliyosimama wima kwenye mandhari nyeupe, mirefu na myembamba, urefu wake ukiwa kama mara tano ya upana wa kundi zima. Maelezo yalisema kwamba alama ni mistari mitatu sambamba, yenye upana sawa na nafasi sawa, inayowekwa kwenye bidhaa kwa uelekeo wowote. Ilikuwa ya nguo, viatu na kofia, yaani daraja la 25 katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa. Tarehe 21 Mei 2014 ilisajiliwa.

Maneno matatu, “kwa uelekeo wowote”, yanaeleza tamaa iliyokuwa nyuma ya ombi hili. Adidas ilikuwa na alama nyingi zilizofungwa mahali fulani: kwenye kiatu, kwenye mkono wa koti, kwenye suruali. Ilitaka sasa moja itakayofunika zote. Naielewa tamaa hiyo. Kampuni inayopaswa kuchagua kila mara ni usajili upi utumike dhidi ya nguo ipi hutamani silaha moja kubwa. Lakini Shoe Branding, wakiwa bado katikati ya vita vyao vya mistari miwili, waliliona pengo. Tarehe 16 Desemba 2014 waliomba usajili huo ubatilishwe, kwa hoja kwamba mchoro huo haumwambii mnunuzi chochote kuhusu chanzo cha bidhaa. Mwezi Juni 2016 kitengo cha ubatilishaji cha EUIPO kiliwakubalia. Mwezi Machi 2017 Bodi ya Rufaa ikaunga mkono. Adidas ikaenda Luxembourg.

Mbele ya mahakama adidas haikung'ang'ania kwamba mistari mitatu ina upekee wa asili. Ilikuwa busara. Ilisema upekee umepatikana kwa matumizi, na ikaweka mezani karibu kurasa 12,000 za ushahidi: picha za bidhaa, katalogi, matangazo, takwimu za mauzo, tafiti za soko. Swali likawa moja: je, kurasa hizo zinaonyesha alama iliyosajiliwa?

Hapa ndipo shauri lilipoamuliwa, na inafaa kusogea karibu. Adidas ilisema kwamba mchoro wake ulikuwa kama ruwaza, kitu kinachoweza kurefushwa, kukatwa au kuinamishwa kulingana na nguo, na kwamba ulisajiliwa kama picha kwa sababu wakati ule sajili haikuwa na kundi la alama za ruwaza. Mahakama ilijibu kwamba alama ni ile iliyochorwa. Ombi halikusema ni ruwaza, mchoro haukuonyesha kujirudia, wala haukuwa na dalili yoyote kwamba vipimo vyake vinaweza kubadilika. Aliyeomba ndiye aliyechagua picha, na wengine sokoni wana haki ya kuitegemea picha hiyo wanapotaka kujua mpaka uko wapi.

Kutoka hapo ushahidi ulianza kupukutika. Sheria inamruhusu mwenye alama kuitumia kwa tofauti ndogo zisizogusa kiini chake. Lakini majaji walisema kwamba alama ikiwa nyepesi mno, hata badiliko dogo linaweza kugusa kiini, kwa sababu hakuna kingine cha kushikilia. Alama hii ilikuwa na mambo machache tu: mistari mitatu myeusi, nafasi nyeupe zinazolingana katikati, na uwiano wake wa urefu na upana. Sehemu kubwa ya picha ilionyesha mistari meupe kwenye nguo nyeusi au ya rangi iliyokoza. Hiyo ni kinyume cha mchoro, zikawekwa kando. Nyingine zilionyesha mistari iliyokatwa kwa mshazari mwishoni, au iliyokuwa mifupi na minene. Nazo zikawekwa kando. Kulikuwa na baadhi zilizoonekana kuwa na mistari miwili. Kwa kampuni iliyokuwa ikipambana miaka hiyohiyo kuzuia mistari miwili ya mwingine, kupeleka picha ya namna hiyo ni uzembe wa wazi wa maandalizi.

Takwimu za mauzo zilikuwa kubwa, na hakuna aliyezikana. Ila zilikuwa za kampuni nzima, zikijumlisha hata mabegi ambayo hayakuwemo kwenye usajili. Hazikuonyesha ni kiasi gani kilitokana na bidhaa zilizobeba mchoro ule. Tafiti za soko zilikuwa 23. Kati ya hizo ni 5 tu ndizo zilizogusa alama yenyewe ipasavyo, nazo zilifanywa Ujerumani, Estonia, Hispania, Ufaransa na Romania. Nyingine zilihusu mistari iliyokaa mahali maalumu kwenye bidhaa, yaani alama nyingine za adidas zilizosajiliwa kwingine.

Nchi tano kati ya 28. Wakati ule Uingereza ilikuwa bado imo. Usajili wa Umoja wa Ulaya unafunika eneo zima kwa mpigo, na kwa hiyo upekee unaotokana na matumizi lazima uonekane katika eneo zima. Mwaka mmoja kabla, Julai 2018, Mahakama ya Haki ilikuwa imesisitiza jambo hilo katika shauri la umbo la chokoleti ya KitKat. Si lazima kila nchi iwe na utafiti wake, kwani masoko yanaweza kuunganishwa ikiwa yanaendeshwa na mtandao mmoja wa usambazaji au yana mazoea yanayofanana. Lakini anayedai hivyo lazima aonyeshe kwamba yameunganika kweli. Adidas haikufanya hivyo.

Kuna wanaosema mahakama ilikuwa ngumu kupita kiasi, kwamba mtoto yeyote mitaani anaijua mistari hiyo iwe meupe au myeusi. Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi na siikubali. Swali mbele ya majaji halikuwa kama adidas ni maarufu. Lilikuwa kama kampuni moja ikabidhiwe, kwa muda usio na mwisho, mistari mitatu sambamba katika kila uelekeo kwenye kila nguo, kiatu na kofia katika nchi 28. Ukichukua dai hilo kwa uzito wake, fundi wa Lisbon anayeweka mistari mitatu kwenye pindo la sketi angekuwa mvamizi. Haki pana namna hiyo inahitaji ushahidi mpana vilevile, na unaoielekea haki yenyewe.

Ulinzi unaohitaji mlinzi

Kusajili ni nusu ya kazi. Alama isiyolindwa hufifia, kwa sababu mashati na raba zenye mistari inayofanana zikijaa sokoni, mnunuzi huacha kuitazama mistari kama dalili ya chanzo. Ndiyo maana adidas ina sifa ya kushtaki. Katika nyaraka za mahakama nchini Marekani ilielezwa kwamba tangu 2008 imefungua mashauri zaidi ya 90 na kusaini makubaliano zaidi ya 200 kuhusu mistari mitatu. Ushindi wake mkubwa ulikuwa Portland, Oregon, mwezi Mei 2008, dhidi ya maduka ya Payless yaliyouza viatu vyenye mistari miwili na minne. Jopo la raia liliamuru fidia ya takribani dola milioni 305. Baadaye mwaka huohuo jaji aliipunguza hadi kama milioni 65, kiasi ambacho bado kinatosha kumnyima usingizi mfanyabiashara yeyote.

Tukumbuke hapa tofauti ambayo watu wengi huichanganya. Raba yenye jina la adidas na mistari mitatu iliyoshonwa na asiye adidas ni feki, na suala lake ni rahisi kisheria hata kama ni gumu kulikamata. Kiatu cha Payless chenye mistari minne hakikujiita adidas. Kinachohojiwa hapo ni ukaribu, na ukaribu unapimwa kwa mazingira: bei, duka, mnunuzi, mahali mistari ilipokaa.

Mazingira hayo ndiyo yaliyoiangusha adidas mbele ya mbunifu wa New York, Thom Browne. Browne alikuwa akitumia mistari mitatu ya kulala. Mwaka 2007 adidas ilimlalamikia, akaongeza mmoja ikawa minne. Miaka ikapita. Kadiri alivyoingia kwenye nguo za mazoezi, na hasa alipoanza ushirikiano na klabu ya Barcelona mwaka 2018, adidas iliona anasogea uwanjani kwake. Ilimshtaki Juni 2021 ikidai zaidi ya dola milioni 7.8. Tarehe 12 Januari 2023 jopo la watu wanane lilisema hana hatia. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa iliuacha uamuzi huo usimame. Nguo za Browne ni za bei ya juu mno, huuzwa kwenye maduka mengine kabisa, na mistari yake inazunguka mguu badala ya kuteremka ubavuni. Kukaa kimya kwa miaka mingi baada ya mistari minne kuonekana hakukuisaidia adidas pia.

Browne hakuishia hapo. Nchini Uingereza alienda kuushambulia usajili wenyewe, na Novemba 2024 jaji wa Mahakama Kuu ya London alibatilisha alama 8 za adidas zilizohusu nguo, mabegi na kofia. Ukisoma maelezo ya alama hizo utaona ugonjwa uleule. Baadhi zilieleza mistari mitatu inayoteremka kwenye theluthi moja au zaidi ya urefu wa upande wa nguo. Theluthi, nusu, au nguo nzima? Begani, kwapani au chini? Maelezo yaliruhusu sura nyingi mno kiasi kwamba sajili haikuweza kumwambia mtu mwingine ni nini hasa asikiguse. Dai la adidas kwamba mistari minne ya Browne imeingilia alama zake nalo lilikataliwa.

Kwa anayeanza chapa yake huku kwetu

Sheria za huku zinafanana kwa misingi, ingawa masharti yana sura yake. Tanzania Bara alama husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni KIPI, taasisi ya miliki ubunifu ya nchi hiyo, miaka 10 tangu mwanzo. Jambo linalowashtua wengi ni Zanzibar: usajili wa BRELA haufiki visiwani. Kule kuna sajili nyingine, ya BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, na ombi jingine. Mwenye kiwanda cha jezi Kariakoo anayeuza Darajani bila kusajili Unguja ana pengo katika soko lake mwenyewe.

Kwa mwenye chapa changa ya nguo za michezo ningeshauri aanze na jina, kwa herufi za kawaida bila mapambo, kwa sababu jina la kubuni ndilo lenye nguvu na ndilo linalobaki hata nembo ikibadilishwa. Kisha nembo, kama ombi la pili linalojitegemea. Akiwa na mchirizi, mshono au mstari anaotaka utambulike, auombee peke yake, akionyesha kwa mchoro nguo ilivyo na mahali mstari ulipokaa, wala asiombe zaidi ya anachoshona. Mwaka ujao akihamisha mstari kutoka mkononi kwenda begani, hilo ni ombi jipya.

Na tangu siku ya kwanza atunze kumbukumbu. Picha ya kila toleo, yenye tarehe, inayoonyesha alama kama ilivyosajiliwa na si kwa rangi zilizogeuzwa. Ankara zinazotaja bidhaa yenye alama hiyo badala ya jumla ya mauzo ya duka. Stakabadhi za matangazo, mkoa kwa mkoa. Karatasi hizi huonekana kama takataka za ofisi kwa miaka kumi, hadi siku mshindani atakapopeleka ombi la kubatilisha na wakili akauliza zilipo.